Perpetua: Binti Aliyejibu kwa Kinywa Chake

Maandiko ya kusoma: Yoeli 2:28–29, Marko 5:25–34, Wagalatia 3:26–28

Wiki hii tunamtazama mama mmoja Mwafrika aliyeishi zaidi ya miaka 1,800 iliyopita. Anaitwa Vibia Perpetua. Jina hilo si geni kwetu. Karibu kila mtaa una dada au shangazi anayeitwa Perpetua, na hukosi mwingine anayeitwa Felista. Lakini ukiuliza majina haya mawili yalipataje sifa, wengi tutanyamaza. Yalipata sifa gerezani, katika mji wa Carthage, kwenye nchi ambayo leo ni Tunisia, kaskazini mwa bara letu. Mwaka ulikuwa 203 baada ya Kristo.

Perpetua alikuwa na umri wa miaka 22 hivi. Alikuwa ameolewa, na alikuwa na mtoto mchanga wa kiume anayenyonya. Alitoka katika familia yenye heshima na alikuwa amesoma. Kusoma kwake ndiko kunatufikisha hapa, maana akiwa gerezani aliandika habari zake mwenyewe kwa Kilatini. Ni moja kati ya maandishi ya kale kabisa ya mwanamke Mkristo ambayo yamebaki mpaka leo.

MWANAMKE ALIHESABIWA NINI?

Kabla hatujaingia naye gerezani, hebu tuelewe dunia aliyozaliwa. Carthage ulikuwa chini ya Roma, na sheria ya Roma ilimweka baba juu ya nyumba yote. Mtoto akizaliwa, baba ndiye aliyeamua kama atalelewa au atatupwa nje, na mtoto wa kike alikuwa katika hatari zaidi. Msichana aliweza kuozwa akiwa na miaka 12. Hakupiga kura. Hakushika cheo serikalini. Akiwa na mali, kwa mambo makubwa alihitaji mlezi wa kiume atoe idhini, isipokuwa awe amezaa watoto watatu.

Hata jina halikuwa lake. Binti alipewa jina la ukoo wa baba, likageuzwa kidogo liwe la kike. Ukoo ukiwa wa Vibius, binti ni Vibia. Wakizaliwa dada watatu, wote watatu ni Vibia, mpaka waongezewe jina la kuwatofautisha.

Na Roma haikuwa peke yake. Athens ya zamani inasifiwa kwa kuanzisha demokrasia, lakini huko mwanamke hakuruhusiwa kufanya mapatano ya mali inayozidi thamani ya kipimo kimoja cha shayiri. Misri ya kale ilikuwa na nafuu, maana huko mwanamke aliweza kumiliki shamba na kuandikiana mkataba kwa jina lake.

Mtumwa wa kike ndiye aliyekuwa chini kuliko wote. Sheria haikutambua ndoa yake. Mtoto aliyemzaa alikuwa mali ya bwana wake, kama ndama wa ng'ombe.

Usicheke watu wa kale haraka, mpendwa. Kwetu pia mama anaweza kuishi miaka 40 mtaani na hakuna anayejua jina lake. Ni Mama Kevin, ni mke wa mzee fulani, ni binti wa fulani. Ni majina mazuri ya heshima, hatuyakatai. Lakini iko siku Mungu anauliza, na wewe ni nani? Siku hiyo Kevin hawezi kukujibia.

DARASA LA UBATIZO LINAKAMATWA

Perpetua alikuwa bado katika darasa la ubatizo alipokamatwa. Walikamatwa pamoja vijana wengine wa darasa hilo: Saturninus, Secundulus, na watumwa wawili, Revocatus na Felisita. Mwalimu wao, Saturus, hakuwepo siku ile. Aliposikia, alikwenda akajitoa mwenyewe ili awe pamoja na wanafunzi wake.

Angalia orodha hiyo. Mwanamke wa nyumba kubwa na mtumwa wa kike wanakaa darasa moja. Mjini Carthage, mmoja angekuwa amekaa na mwingine amesimama akimpepea. Kanisani wakawa dada. Paulo alipowaandikia Wagalatia kwamba ndani ya Kristo hakuna mtumwa wala huru, mume wala mke, hakuwa anapamba barua.

Wakiwa bado chini ya ulinzi, wakabatizwa. Baada ya siku chache wakatupwa gerezani. Perpetua aliandika kwamba aliogopa, maana hajawahi kuona giza kama lile. Joto, msongamano, askari wenye kusukuma watu. Zaidi ya yote, moyo wake ulikuwa kwa mtoto. Mashemasi wawili, Tertius na Pomponius, wakawapa askari kitu kidogo ili wafungwa wapate masaa machache mahali penye hewa. (Tafadhali usitoe fundisho la hongo hapa!) Hapo Perpetua akamnyonyesha mtoto aliyekuwa amelegea kwa njaa. Baadaye akaruhusiwa kukaa naye, na akaandika kwamba tangu hapo gereza likawa kwake kama jumba la kifalme.

BABA ANAYEMPENDA

Sasa tufike kwenye sehemu ngumu. Adui mkubwa wa imani ya Perpetua hakuja na upanga. Alikuja na machozi. Alikuwa baba yake mzazi.

Mzee huyu hakuwa mwamini, na alimpenda binti yake sana, kuliko kaka zake. Alikuja mara ya kwanza kumwomba aikane imani. Perpetua akamwonyesha chombo kilichokuwa hapo, akamuuliza kama kinaweza kuitwa jina lingine lisilo lake. Baba akasema hakiwezi. Basi, akasema, na mimi siwezi kujiita kitu kingine isipokuwa nilicho: Mkristo. Baba akakasirika mpaka akataka kumrukia, kisha akaondoka.

Alikuja tena hukumu ilipokaribia. Safari hii hakufoka. Alimwomba azihurumie mvi zake. Alimkumbusha mama yake, kaka zake, na mtoto ambaye hawezi kuishi bila yeye. Alimbusu mikono, akaanguka miguuni pake, na akiwa analia hakumwita tena binti, alimwita bibi, kama mtu anavyomwita mkubwa wake.

Hebu simama hapo kidogo. Baba wa Kirumi, ambaye kwa sheria alikuwa na mamlaka juu ya binti yake, amepiga magoti mbele yake. Perpetua hakufurahia hata kidogo. Aliandika kwamba alimhurumia, kwa sababu katika ukoo wote ni huyu peke yake ambaye hangeona furaha katika mateso yake. Alimfariji akimwambia kwamba lile Mungu atakalo ndilo litakalokuwa. Mzee akaenda zake na huzuni.

Vijana, sikieni vizuri. Perpetua hakumdharau baba yake, wala hakumjibu kwa kiburi cha wokovu. Alimheshimu, alilia naye, na bado hakumpa kiti cha Yesu. Inawezekana kufanya hayo yote kwa pamoja.

MBELE YA HAKIMU

Siku ya hukumu walivutwa ghafla wakiwa wanakula, wakapelekwa sokoni mbele ya umati mkubwa. Liwali alikuwa amefariki, na Hilarianus alikuwa akishikilia nafasi yake. Wenzake wakaulizwa, wakakiri. Zamu ya Perpetua ilipofika, baba akatokea amembeba mtoto, akamvuta pembeni na kumsihi amhurumie mchanga huyo. Hilarianus naye akaongeza yake: ahurumie mvi za mzee, ahurumie utoto wa mwanawe, atoe dhabihu kwa ajili ya afya ya wafalme.

Dhabihu yenyewe ilikuwa kitu kidogo tu, pengine kutupa ubani kidogo motoni. Dakika moja, na unarudi nyumbani na mtoto wako. Nani angemlaumu?

Perpetua akasema hatoi. Hilarianus akamuuliza kama ni Mkristo, akajibu ndiyo, ni Mkristo.

Mwanamke huyu alizoea dunia ambamo baba husema, mume husema, mlezi husema. Katika maandishi yake mume wake hatajwi hata mara moja. Siku ile wanaume wawili walijaribu kumtafutia maneno ya kusema, mmoja kwa upendo na mwingine kwa cheo. Yeye akajibu kwa kinywa chake mwenyewe. Baba alipoendelea kumvuta, Hilarianus akaamuru aondolewe, na mzee akapigwa fimbo mbele ya binti yake. Perpetua aliandika kwamba aliumia kana kwamba ameipokea fimbo ile yeye.

Hukumu ikatoka: watupwe kwa wanyama wakali. Perpetua akamtuma shemasi Pomponius akamletee mtoto. Baba akakataa kumtoa. Lakini Mungu akafanya jambo: mtoto hakulilia tena ziwa, na matiti ya mama hayakuvimba wala kuuma. Kina mama waliowahi kumwachisha mtoto ghafla wanajua hiyo si ajabu ndogo.

NDOTO NA MAONO

Sisi watu wa Pentekoste hatushangai kusikia kwamba Mungu alisema na Perpetua kwa maono. Mtu aliyekusanya maandishi haya aliyafungulia kwa kukumbusha ahadi ya Yoeli, kwamba Roho atamwagwa na wana na mabinti watatabiri. Kanisa la Carthage liliamini kwamba ahadi ile haikuisha siku ya Pentekoste.

Kaka yake mmoja, aliyekuwa naye katika imani, ndiye aliyemwomba amuulize Bwana kama watafunguliwa au watakufa. Huyu naye alimwita bibi, dada yangu. Perpetua akaona ngazi nyembamba ya shaba ikifika mbinguni, mtu mmoja mmoja ndiye anayeweza kupanda. Pembeni kulikuwa na panga, mikuki na kulabu. Chini alilala joka kubwa likitisha wapandaji. Saturus akapanda kwanza. Kisha Perpetua, kwa jina la Yesu, akakanyaga kichwa cha joka kama ndicho kidato cha kwanza, akapanda. Juu akaona bustani kubwa, na mzee mwenye nywele nyeupe, amevaa kama mchungaji, anakamua kondoo. Akampa kidogo cha maziwa yaliyoganda. Aliamka bado anatafuna kitu kitamu. Wakajua hakuna kuachiliwa.

Ono la mwisho lilikuja siku moja kabla ya kifo. Alijiona uwanjani akipigana na mwanamume Mmisri wa kutisha. Alipovuliwa nguo ajiandae, akaona amekuwa mwanamume. Akapigana, akamwangusha, akamkanyaga kichwa. Msimamizi wa shindano, mtu mrefu kupita uwanja, akampa tawi lenye matunda ya dhahabu.

Wengine husoma ono hili wakasema, mnaona, ilibidi awe mwanamume ndipo ashinde. Soma vizuri. Katika dunia yake mieleka ilikuwa kazi ya wanaume, na ndoto ilichukua picha iliyokuwepo. Lakini msimamizi alipompa ushindi, alimwita binti, akamtakia amani. Mwili wa ndoto ulibadilika, na Bwana wa shindano bado alimjua ni nani. Ni neno lile lile ambalo Yesu alimwambia mama mwenye kutokwa damu, katika Marko 5. Baba wa duniani alifika mahali akaacha kumwita binti. Wa mbinguni hakuacha.

FELISITA

Felisita alikuwa na mimba ya miezi minane. Sheria haikuruhusu mwanamke mjamzito auawe, kwa hiyo alihuzunika, akiogopa kuachwa nyuma na kuja kufa baadaye katikati ya wahalifu asiowajua. Wenzake wakaomba kwa kilio siku mbili kabla ya michezo. Mara baada ya maombi uchungu ukamshika. Alipolia kwa maumivu, mmoja wa watumishi wa gereza akamkejeli: kama analia hivi sasa, itakuwaje mbele ya wanyama? Felisita akamjibu kwamba leo anateseka yeye, lakini kule mwingine atakuwa ndani yake akiteseka kwa ajili yake, kwa kuwa yeye naye anateseka kwa ajili Yake.

Akazaa mtoto wa kike. Dada mmoja wa kanisa akamchukua, akamlea kama mtoto wake wa kumzaa. Dada huyu hatajwi jina, lakini tazama alichokifanya. Mtoto wa kike, wa mama mtumwa aliyehukumiwa kifo! Ni mtoto ambaye dunia ile ingemtupa bila kugeuka nyuma. Kanisa likasema, lete huku, huyu ni wetu.

UWANJANI

Michezo ilikuwa ya sherehe ya kuzaliwa kwa Geta, mwana wa mfalme Septimius Severus. Ofisa mmoja alikuwa amewatesa wafungwa kwa kuwanyima mahitaji. Perpetua akamkabili uso kwa uso, akamuuliza kama si sifa yake watokee siku ya Kaisari wakiwa wamenenepa kidogo. Ofisa akaona haya, akawalegezea. Askari mkuu wa gereza, Pudens, alikuwa amekwisha kuamini. Usiku wa mwisho karamu yao ya mwisho waliigeuza kuwa karamu ya upendo. Secundulus hakufika siku hiyo, alikuwa amefia gerezani.

Tarehe 7 Machi wakatoka gerezani kama watu wanaokwenda arusini. Langoni wakaambiwa wavae mavazi ya miungu, wanaume kama makuhani wa Saturn, wanawake kama wahudumu wa Ceres. Perpetua akakataa katakata: wametoa maisha yao hasa ili wasifanye jambo kama hilo. Ofisa akakubali. Wakaingia na nguo zao, Perpetua akiimba zaburi.

Kwa wanawake hawa wawili waliandaa ng'ombe jike mkali, ili kuwadhihaki kwa jinsia yao. Wakavuliwa nguo na kuvikwa wavu. Hata umati ule wenye kiu ya damu ukashtuka kuona mmoja ni binti mwororo, na mwingine maziwa yanamdondoka kwa kuwa ametoka kujifungua. Wakarudishwa, wakavishwa. Ng'ombe akamrusha Perpetua, akaangukia kiuno. Kanzu ilikuwa imepasuka ubavuni, akaivuta akajifunika. Akaomba pini, akafunga nywele, maana nywele zilizoachiliwa ni dalili ya maombolezo na hii ilikuwa siku yake ya utukufu. Kisha akamwona Felisita yuko chini. Akaenda, akampa mkono, akamwinua. Wakasimama pamoja.

Mpendwa, ukisahau mengine yote, shika hiyo picha. Bibi wa nyumba kubwa anamwinua mtumwa mbele ya mji mzima. Hakuna sheria ya Roma iliyoandika jambo kama hilo.

Mwisho wao ulikuwa upanga. Perpetua alimwachia kaka yake na wenzake agizo la kusimama imara katika imani na kupendana. Mpiganaji aliyetumwa kwake alikuwa mgeni wa kazi, akapiga mfupa, Perpetua akapiga ukelele. Mkono wa kijana ukatetemeka. Ndipo yeye mwenyewe akaushika na kuuelekeza kooni pake.

TUNAPELEKA NINI NYUMBANI?

Kwanza, kanisa lile lilisikiliza. Luka 24 inatuonyesha mitume waliosikia habari ya ufufuo kutoka kwa wanawake wakaona ni upuuzi. Carthage haikurudia kosa hilo. Waliyatunza maneno ya Perpetua na kuyasoma kanisani, na miaka 200 baadaye Augustino alikuwa bado anahubiri siku ya kumbukumbu yao, huku akiweka wazi kwamba maandishi hayo si Biblia. Hivyo ndivyo inavyofaa: tunapima kwa Neno, lakini kwanza tunasikiliza. Wazee na viongozi, mama akisimama na neno, je, tunalipima neno, au tunatazama tu aliyelisimamisha?

Pili, wokovu hauna mlezi. Mama, huwezi kuingia kwa imani ya mume wako. Dada, sala za mama yako ni baraka, lakini hazijibu badala yako. Na kama wako wanaokupenda wanakuvuta urudi nyuma, kwenye kafara za ukoo au ndoa isiyo ya Kikristo, waheshimu, walilie, kisha simama.

Tatu, kuna Felisita kati yetu. Yuko msichana wa kazi anayekaa kiti cha nyuma na hakuna anayemsalimia. Yuko mjane ambaye shemeji wameanza kupima shamba lake. Yuko binti aliyepata mimba na ameacha kuja ibadani kwa aibu. Kumpenda Perpetua wa mwaka 203 ni rahisi. Swali ni nani utampa mkono Jumapili hii.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Ni nani katika maisha yako amekuwa akijibu kwa niaba yako mbele za Mungu?
2. Perpetua aliwezaje kumheshimu baba yake bila kumtii katika jambo la imani? Soma Mathayo 10:37.
3. Taja dada mmoja ambaye kikundi chenu kitamwinua wiki hii. Mtafanya nini, siku gani?

OMBI

Baba, asante kwa kuwa unatuita wana na mabinti. Wape kina mama wetu ujasiri wa kukukiri kwa vinywa vyao. Wape kina baba masikio ya kusikia. Tufanye kanisa ambalo mtoto wa Felisita anapata nyumba. Katika jina la Yesu, Amina.